Mraba Uliowaka

Mimi nina wivu. Nalisema mapema ili mtu asipoteze muda kunitafutia jina zuri zaidi. Mama yangu, ambaye hapendi maneno makali ndani ya nyumba, husema tu kwamba mimi ni mtu wa kununa. Hapana. Ni wivu, na ulianza siku mdogo wangu alipozaliwa, nikiwa na miaka tisa, nikaambiwa nihame kitandani nimpishe mtoto.

Kazi yangu ilikuwa kwenye chumba cha simu cha kampuni ya umeme. Miaka kumi na tisa nilikaa humo: dirisha moja, simu nne za mezani, na ramani ya mji iliyofunika ukuta mzima. Umeme ukikatika, watu hupiga. Nauliza mtaa, nauliza nguzo iliyo karibu, nauliza kama jirani naye yuko gizani, kisha nachoma pini nyekundu kwenye ramani. Pini zikishakusanyika naona kwa macho laini gani imekatika na wapi, nawaelekeza mafundi. Ndiyo maana jina langu la kuzaliwa lilishasahaulika pale. Mimi ni Mama Pini, ingawa sijawahi kuzaa.

Nilikuwa na kanuni yangu ambayo haikuandikwa popote. Mtaa unaopiga kelele bado uko hai. Mtaa ulionyamaza kabisa baada ya dhoruba ndio wa kuogopa, kwa sababu minara ya simu nayo inakula umeme uleule. Betri zake zikiisha, mtaa mzima unakuwa bubu. Kwa hiyo pengo kwenye ramani lina maana mbili. Ama watu wa pale wana umeme na wanajilia raha zao, ama hawana hata njia ya kukuambia kwamba hawana. Kutofautisha hayo mawili ndiyo kazi yenyewe. Kuchoma pini anaweza yeyote mwenye kidole.

Mdogo wangu alisoma kuliko mimi, tena sana, na akaajiriwa na taasisi inayochunguza maafa kwa picha za setilaiti. Setilaiti yao hupita juu yetu kila usiku mnamo saa saba na nusu, watu wamelala, ikapiga picha ya taa zinazowaka huku chini. Asubuhi yeye huchukua picha za usiku wa kawaida, huchukua na picha ya usiku baada ya dhoruba, akazilinganisha. Palipokuwa na mwanga na sasa pana giza, hapo umeme umekatika. Mama alivyolielewa jambo hili ni kwamba mwanawe yuko "kwenye setilaiti". Majirani anawaambia hivyo, kana kwamba binti yake amekaa huko juu ananing'iniza miguu. Mimi ninayemkanda magoti na kumpangia dawa zake za wiki nzima, akiulizwa habari zangu husema, "Yupo tu hapo, anapokea simu."

Mwezi mmoja kabla ya dhoruba Meneja aliniita ofisini kwake. Aliniambia makao makuu wanataka kupunguza vyumba, na kuna taasisi imejitolea kujaribu picha za setilaiti kwetu msimu huu.

"Zikifaa, chumba cha simu tutakifunga," alisema. "Lakini hatutakutupa, Mama Pini. Stoo ya mita ina nafasi."

Stoo ya mita haina dirisha. Mita mbovu hupangwa humo kwenye rafu zikisubiri kuvunjwavunjwa, na mtu anayezilinda naye hupangwa humo akisubiri kustaafu.

"Na nani anakuja kuzijaribu hizo picha?" niliuliza.

Alifungua faili, akasoma jina, akanitazama, akalisoma tena. "Huyu si ndugu yako?"

"Tumbo moja," nikamjibu.

Dhoruba ilipiga Jumanne, kuanzia alasiri hadi alfajiri. Ilibeba mabati, ikalaza nguzo, ikajaza maji kila shimo lililokuwa wazi. Jumatano asubuhi mdogo wangu aliingia ofisini na begi mgongoni na viatu safi, sijui alipita njia gani, akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mama anakusalimu. Ameniambia nikuulize kama unakula."

"Nakula. Mwambie nitakuja Jumamosi."

Walimpa meza katikati ya ukumbi, karibu na mlango wa Meneja. Hata hivyo siku ile ya kwanza ilikuwa yangu. Picha yake ilitoka na ukungu mtupu, kwa maana mawingu yalikuwa bado yametanda na setilaiti haikuona kitu. Simu zangu nazo hazikupumua. Kufika saa sita mchana nilikuwa nimechoma pini mia mbili na kumi. Mafundi walijaa chumbani kwangu na makoti yao ya mvua yakichuruzika, na kiongozi wao, Fundi Mrefu, ambaye lazima ainame kwenye kila mlango wa jengo lile, alisema kwa sauti ya kusikika hadi ukumbini, "Mama Pini, setilaiti yetu sisi ni wewe."

Nilipokwenda kuchukua chai nilipitia kwa mdogo wangu makusudi. Njia ya chai haipiti pale.

"Vipi, huyo mdudu wako kafumba macho leo?"

"Mawingu, dada. Kesho yatafunguka."

"Pole. Pini hazijui mawingu."

Akacheka. Tatizo la mdogo wangu ni hilo. Ukimchoma anacheka, na kicheko chake ni cha kweli kabisa. Ningepata nafuu kubwa maishani kama angekuwa na kiburi kidogo, walau cha kuazima.

Usiku wa kuamkia Alhamisi mawingu yakafunguka. Saa tatu asubuhi aliwasha projekta, na mji wetu ukatokea ukutani umekatwakatwa miraba. Aliwaeleza taratibu, bila maneno makubwa. Kila mraba ni kama nusu kilomita kila upande. Mwekundu umepoteza mwanga wake. Wa kijivu uko kama zamani. Watu wote waligeuza viti vyao, hata karani wa mapokezi alisimama mlangoni na kalamu sikioni. Nilibaki na simu zangu nne na ukuta wangu wa pini, na nikagundua kwamba picha yake na ramani yangu zilikuwa zinasema kitu kimoja karibu kila mahali. Tofauti ni kwamba mimi nilitumia siku nzima na koo langu, yeye alitumia kikombe kimoja cha chai.

Kisha akanyoosha kidole kwenye miraba miwili myekundu ng'ambo ya mto, kwenye nyumba za walimu. "Hapa pia pamezima," alisema. "Dada, una simu yoyote kutoka huku?"

Sikuwa nayo hata moja. Pale nilikuwa nimepaacha wazi, kwa sababu wako kwenye laini mpya na nilijiambia laini mpya haikatiki. Ndiyo, mimi mwenye kanuni ya mtaa bubu. Fundi Mrefu alikwenda, akarudi baada ya saa moja akiwa na tope hadi magotini.

"Nguzo tatu ziko chini," alisema. "Na watoto wanaruka waya kama wanacheza kamba. Bahati yao hauna moto. Huyu binti ametuokoa."

Alisema huyu binti, na wala hakugeuka kunitazama. Meneja alimpa mdogo wangu mkono mbele ya watu. Roho iliniuma mpaka nikaisikia kwenye meno. Najua mtu mwema angewaza watoto wale na ule waya. Mimi niliwaza stoo isiyo na dirisha, na mama akiwaeleza majirani nani amenipeleka huko.

Saa nane mchana mdogo wangu aliingia chumbani kwangu na karatasi mbili zimeunganishwa kwa kibanio. Aliketi kwenye kiti cha mafundi.

"Nisaidie, dada. Hii ni orodha ya miraba yote ya mji ambayo mafundi wataifuata kuanzia kesho. Yenye umeme wataiacha kabisa. Kabla haijatoka nataka uipitie mmojammoja. Mimi nayajua mataa tu, mitaa unaijua wewe."

"Kompyuta yako haijiamini?"

"Kompyuta inaona mwanga. Haijui ni mwanga wa nani."

Aliniachia, akaenda zake. Miraba yote ilikuwa ukurasa wa kwanza; chini ya ukurasa wa pili, wa maelezo, kulikuwa na mstari: Amehakiki. Nilianza kupitia mraba kwa mraba, na nikiri kwamba kazi ilikuwa safi. Nilitafuta kosa kwa hamu ya mtu anayetafuta jiwe kwenye wali wa mke mwenza. Nikalipata kwenye mraba wa ishirini na saba.

Mraba huo ni mtaa wa machimbo ya kokoto. Karatasi ilisema: umeme upo. Nilijua haupo, na nitaeleza nilivyojua. Usiku wa kawaida machimbo yenyewe hulala giza, na mwanga wa pale ni wa nyumba zipatazo mia nne za mteremkoni. Lakini baada ya kila mvua kubwa shimo la kokoto hujaa maji, na wenye machimbo huwasha jenereta lao na taa nane za mlingoti ili pampu zifanye kazi usiku kucha. Nyumba zimezimika, taa za mlingoti zimewashwa, na ukitazama kutoka mbinguni mwanga ni uleule. Kompyuta ilijumlisha, ikaridhika, ikapaka kijivu. Kwangu mimi mtaa ule ulikuwa umepiga simu sita Jumatano alfajiri, zote kabla ya jua kuchomoza, kisha kimya. Mnara wao ulikuwa umekata roho. Pini zao sita zilikuwa ukutani, hatua mbili kutoka nilipoketi.

Ningeweza kuita jina lake tu, mlango ulikuwa wazi. Nilimwona pale ukumbini, amezungukwa na mafundi vijana wakimwuliza hili na lile, na karani wa mapokezi amempelekea chai ambayo hakuiomba. Miaka kumi na tisa, na mimi chai naifuata mwenyewe. Nikasema moyoni, ngoja. Ngoja wamwone naye akikosea, mara moja tu, mbele ya watu, ili wajue kwamba mtaa haujulikani kwa kuutazama kutoka juu. Nikachukua kalamu nikatia saini.

"Umeona tatizo lolote?" aliniuliza nilipomrudishia.

"Iko sawa," nilimwambia.

"Asante, dada. Sasa nimetulia."

Ijumaa mafundi walifuata karatasi. Mtaa mmoja baada ya mwingine uliwashwa, na mimi niling'oa pini moja baada ya nyingine, ila zile sita. Hizo nilizing'oa nazo jioni, kwa sababu mtu angeweza kuziona akauliza. Nilizing'oa nikazirudisha kwenye kopo na nyingine, na wepesi huo ndio ulionitisha baadaye. Wakati ule nilijisemea kwamba watu wa machimbo wana miguu, watatembea waje walalamike, itakuwa kesho au keshokutwa, na hakuna aliyekufa kwa kulala gizani siku mbili. Nilikuwa nimeshaanza kuonja siku ile ya malalamiko. Nilishajipangia hata sura nitakayoiweka, ya huruma kidogo.

Jumamosi hakuja mtu. Jioni mdogo wangu alikuja nyumbani kama alivyoahidi. Mama, ambaye magoti hayamruhusu hata kufika dirishani nikimwita, alitembea mpaka mlangoni kumpokea. Akatoa kile kikombe chenye kishikio cha dhahabu ambacho mimi nakiosha kila mwaka na sijawahi kukinywea.

"Hebu nieleze," mama alimwambia, "huko juu mnaonaje hali?"

"Hali nzuri, mama. Lakini si mimi. Bila dada nisingethubutu kutoa ile orodha. Ameipitia yote, mraba kwa mraba."

Mama alinigeukia na uso ambao huwa hauelekezwi kwangu. "Kweli?"

Hapo ndipo ningesema. Ningesema, kuna mmoja umenipita, hebu tupige simu kwa Fundi Mrefu sasa hivi, na ingekwisha hivyo, kosa la kawaida la watu waliochoka. Lakini mama alikwishamgeukia mwanawe tena, anamshika mkono. "Unaona ulivyo," alimwambia. "Kazi unafanya wewe, sifa unampa mwenzako. Tangu utoto wako." Nikainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Jumatatu saa nne asubuhi wakaja watu wanne kwa miguu. Waliingia na viatu vya mpira vilivyojaa tope jeupe la kokoto, nami nikajua kabla hawajafungua midomo. Aliyetangulia alikuwa mkunga wa zahanati ya machimbo, mwanamke mnene wa makamo. Hakupiga kelele, na nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele tu. Aliweka simu iliyozima juu ya kaunta.

"Nimekuja kuuliza tumewakosea nini," alisema. "Tangu Jumanne usiku hatuna umeme. Magari yenu tumeyaona yakipita barabara kuu, yanakwenda, yanarudi. Nimezalisha akina mama wanne. Watatu kwa tochi ya simu hii. Simu ikafa, na wa nne nimemzalisha jana usiku kwa kupapasa, na kibatari amekishika mumewe. Alitoka damu nyingi. Tumembeba juu ya mlango, tumezunguka njia ya mbali hadi barabarani, kwa sababu daraja la miguu limekwenda na maji."

"Yuko hai?" aliuliza mdogo wangu. Alikuwa amesimama.

"Mpaka tunaondoka hospitali alikuwa hai. Mtoto pia. Sikuja kuwapa habari njema, nimekuja kuuliza swali."

Fundi Mrefu alichomoa karatasi kwenye mfuko wa koti. "Mama, karatasi yetu inasema kwenu umeme upo. Na sisi usiku tukipita barabara kuu tulikuwa tunaona mwanga kule mlimani, tukajua ni kweli."

"Mwanga ule ni wa machimbo," alisema mkunga. "Unamulika maji."

Meneja alimtuma Fundi Mrefu na magari mawili palepale, na mkunga na wenzake wakapanda nayo kurudi. Kisha akatuita ofisini kwake, mdogo wangu na mimi, akafunga mlango. Alibaki amesimama.

"Nataka kujua jambo moja," alisema. "Orodha hii ilitoka bila mtu anayeijua mitaa kuipitia?"

Nakala yenye saini yangu ilikuwa mkononi mwa mdogo wangu. Ile ya mafundi ilikuwa ukurasa wa kwanza peke yake, saini iko wa pili. Niliona vidole vyake vikikunja karatasi mara moja, kisha mara ya pili, saini ikawa ndani.

"Kosa ni langu," alisema. "Nililinganisha mwanga, sikuuliza chanzo chake. Nilipaswa kujua kuna jenereta pale."

"Basi ndiyo hivyo," alisema Meneja, na aliketi kwa uzito wa mtu aliyefikia uamuzi. "Picha zimetuangusha. Nitaandika makao makuu kwamba chumba cha simu kibaki kama kilivyo, na Mama Pini abaki ndani yake. Wewe binti usivunjike moyo, lakini ndivyo nitakavyoandika."

Nilikuwa nimepata. Kiti changu, dirisha langu, simu zangu nne, na yeye amekosea mbele ya watu, kila kitu kama nilivyokiagiza. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, na kukaa kimya nilikuwa na mazoezi ya siku nne. Nikamtazama. Alikuwa amekaa wima, macho yamemjaa machozi bila kudondoka, anabeba kosa langu bila hata kuligusisha nguo yangu. Alidhani nilipitiwa tu. Alidhani dada yake amechoka na simu, jicho limeruka mstari, na yeye anamfichia aibu. Niliuona uso wa mama ukimtazama siku atakayosikia habari hii. Kazi ameshinda, elimu ameshinda, kikombe cha dhahabu ni chake, na sasa anataka kunishinda na wema pia, tena nikiwa nimeketi pembeni yake.

Nitasema ukweli ulivyo. Sikumwaza mkunga, wala yule mama wa hospitali. Hao nimekuja kuwawaza baadaye, na ninawawaza mpaka sasa. Pale ofisini nilifungua mdomo kwa sababu sikuweza kumwachia hata hilo.

"Kunjua karatasi," nilimwambia.

"Dada, acha."

"Kunjua. Meneja, orodha ilipitiwa. Saini ni yangu."

Meneja aliipokea, akaitazama, akanitazama. Mdogo wangu aliniwahi kunitetea. "Alikuwa na simu nne zinalia pamoja. Mtu yeyote angepitiwa."

"Sikupitiwa," nilisema. "Niliuona."

Mdogo wangu aligeuza kiti chake chote kunielekea.

"Uliuona lini?"

"Alhamisi. Kabla sijatia saini."

"Ulijua kuna jenereta."

"Nilijua. Na pini zao sita zilikuwa ukutani."

"Jumamosi nimekuja nyumbani," alisema polepole. "Nimekaa nawe meza moja."

"Ndiyo."

Hakulia. Yale machozi yaliyokuwa tayari aliyafuta kwa kiganja kama mtu anayefuta jasho. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nilimchoma na hakucheka. Nilidhani nitajisikia vizuri, maana nilikuwa nimengoja muda mrefu.

Meneja alikuwa mtu wa umeme, si mtu wa mambo ya ndugu, na alionekana kutamani aende akapande nguzo. Alikohoa. Akamgeukia mdogo wangu. "Sasa nimechanganyikiwa. Nishauri wewe. Niandike nini? Picha au pini?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, hakuwa anatafuta neno la kunipiga nalo.

"Vyote viwili," alisema. "Picha ilipata nyumba za walimu, pini hazikupata. Pini zilipata machimbo, picha haikupata. Chumba usikifunge. Bila mtu anayeijua mitaa, picha zangu zitaua watu."

Mdogo wangu huyu, baada ya yote, ananiombea chumba changu.

"Lakini," aliendelea, "huyo mtu lazima aijue mitaa na aseme anachokijua. Vyote viwili. Kwa hiyo chumba kibaki, mtu abadilishwe." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Karani wa mapokezi ana kichwa kizuri. Huyu akae naye wiki mbili amfundishe: machimbo, jenereta za watu, mitaa inayonyamaza, kila kitu. Halafu aende stoo."

"Atakubali kufundisha?" Meneja aliuliza, akimwuliza yeye, kana kwamba mimi sipo.

"Mwulize mwenyewe."

Wakanitazama wote wawili. Nikasema nitafundisha. Nilikaa pale nikitafuta mahali pa kumkosoa, neno moja la chuki, chumvi kidogo ya kisasi nitakayoweza kumweleza mama. Sikuliona. Alikuwa sahihi, na hata hilo nilimwonea wivu.